Chupa Yenye Kifuniko cha Njano

Jumapili, jioni. Baridi ya Tunduma mnaijua, ile inayoingia pamoja na upepo na vumbi la malori, hata hujui unafunga dirisha kwa sababu ya kipi. Mimi nimefunga kwa sababu ya vyote. Doto amelala. Sufuria iko kwenye jiko la gesi, inaanza kupata moto, na mimi nimekaa kwenye kigoda karibu nayo, simu mkononi.

Sijaandika hapa muda mrefu. Nimefungua blogu nikakutana na picha yangu ya mwisho: chupa mbili za maziwa zimesimama mezani, moja ina kifuniko cha bluu, nyingine cha njano. Chini yake nimeandika, kwa furaha ya mtu asiyejua kitu, "Tunawasubiri wenye chupa." Mkanipa hongera nyingi. Wengine hamjaacha kuuliza. Wamefika? Wanafanana? Mbona kimya, mama mapacha?

Wamefika. Mmoja amebaki.

Nilikuwa naogopa kuiandika sentensi hiyo kuliko kitu chochote. Nimeiandika, na kumbe sufuria inaendelea tu kupata moto.

Kulwa alitangulia, Doto akafuata. Wote wasichana, wote wadogo mno, maana walikuja kabla ya siku zao. Kulwa hakutoka hospitali. Hakuna aliyekosea, na naliandika hili kwa sababu watu wa mtaani wanapenda sana kumtafuta mwenye kosa. Alikuwa mdogo, akachoka, basi. Tulirudi nyumbani na begi lililokuwa limefungwa kwa ajili ya wawili. Nilipolifungua nikaanza kutoa nguo, mbili mbili, mbili mbili.

Niwaeleze jambo moja, la sivyo mtaniona nimechanganyikiwa. Mimi ni Mnyiha wa Iyula, mtoto wa wakulima wa kahawa, nimelelewa na kwaya ya kanisa na ugali wa moto. Mume wangu Masanja ni Msukuma. Wazazi wake wanafuga kule bondeni Momba, na yeye ni fundi matairi hapa mjini, kwenye maegesho ya malori. Kwao mapacha hawahangaikiwi majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mama mkwe aliposikia nina mapacha alipiga simu, akafurahi mpaka akapiga vigelegele, kisha akanipa sheria. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimvalisha mmoja, mvalishe na mwenzake. Mapacha wana wivu, alisema, mmoja akinung'unika mwingine ndiye anayeumwa.

Nilicheka, lakini nikatii. Nilinunua kila kitu mara mbili. Kwenye chupa tu ndipo nilikwama, kwa sababu dukani kwa mama mmoja hapa sokoni ilikuwa imebaki ya bluu peke yake. Masanja alikuwa anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata matairi, akasema ataniletea nyingine. Akarudi na ya njano. Alikuwa anajivuna nayo, anaibonyeza chuchu ya chupa kwa kidole chenye weusi wa matairi, ananionyesha ilivyo laini kuliko ya ile chupa yangu. Nikamwambia kwa vidole hivyo hiyo chupa ataiosha yeye. Tukakubaliana: atakayetangulia kuzaliwa atachukua chupa ya baba.

Kwa hiyo ya njano ni ya Kulwa.

Maziwa yangu yalikuja siku ya msiba. Yalilowanisha gauni mbele za watu, akina mama wakanifunika kwa kitenge. Kisha yakaanza kupungua, mpaka yakabaki ya kudanganyia tu. Nesi wa kliniki aliniambia niendelee kumweka Doto kifuani, na juu yake nimwongezee maziwa ya kopo, kwa kikombe kidogo. Kwa kikombe Doto alipaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nesi akasema basi tumia chupa, lakini chupa ni kazi, usipoichemsha ni sumu. Akanifundisha. Naosha mikono, naosha chupa kwa sabuni na brashi, naigeuza chuchu ndani nje, nasuuza. Nazamisha kila kitu kwenye maji, hakuna kinachoelea, nafunika, nachemsha, naacha humo humo mpaka nitakapoihitaji. Maji ya kukorogea yana sufuria yake. Maji yenyewe ni ya dumu, yanaletwa na mkokoteni, na yanapochelewa nachanganyikiwa kuliko mlevi aliyefungiwa kilabu.

Siku ya kwanza nilichemsha ya bluu peke yake. Mtoto mmoja, chupa moja, hesabu haina ubishi.

Maji yakachemka, chupa ikazungukazunguka, na hapakuwa na mlio. Chupa moja haina cha kugongana nacho. Nilisimama pale jikoni nikisikiliza ukimya ule mpaka mwili ukanisisimka. Kisha nikaenda kabatini nikaitoa ya njano, nikaiosha, nikaitumbukiza. Zikaanza kugongana. Nikaweza kupumua.

Tangu siku hiyo nachemsha zote mbili. Ya njano naisuuza, naichemsha, naikausha, naiweka pembeni ya mwenzake. Haijawahi kutiwa maziwa hata tone. Nilijiambia natii sheria ya mama mkwe. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Hakuna aliyeniambia kama sheria hiyo inakwisha mmoja akifa, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mama yangu alipokuja kutoka Iyula kunisaidia, aliniangalia siku mbili tatu. Ni mama wa kanisa, hapendi mambo ya kienyeji, lakini pia hapendi kumuumiza mtu. Mwishowe alisema, anakunja nepi, hanitazami: "Mwanangu, marehemu hapikiwi." Akaniomba chupa ile nimpe mzazi mwingine. Nikamwambia nitampa. Kahawa ilikuwa imeiva, akarudi kuvuna, na chupa iko hapa.

Kuna mambo mengine ambayo sikumwambia mama. Nikiwa uani naanua nguo nasikia zinagongana, naingia ndani, jiko limezimwa. Doto akilala kitandani hujisogeza ukutani, hata nimweke katikati vipi. Anaacha nafasi. Masanja anasema watoto wote hujisogeza. Labda. Mimi nalala nikiitazama ile nafasi, na mara nyingine nimejikuta nimeifunika shuka.

Watu wamenibadilisha jina pia. Nilipokuwa na tumbo, nusu ya mtaa walishaanza kuniita Mama Kulwa. Baada ya mazishi wote kwa pamoja, kana kwamba walifanya kikao, wakaanza kuniita Mama Doto. Ni huruma, naielewa. Lakini ni huruma iliyomfuta mtu. Ni Mama Chanda peke yake, jirani yetu anayeuza mitumba na kuvuka mpaka kila siku, anayeniita Nampundu. Kwa Kibemba ni mama wa mapacha. Siku ya kwanza aliponiita hivyo baada ya msiba, jirani mwingine alimkanyaga mguu ili anyamaze. Akauliza, "Kwani aliyezaa wawili anazaa tena kinyumenyume?" Nilicheka. Nilicheka kisha nikaingia ndani nikalia mpaka nikatapika.

Masanja ndiye aliyenyamaza kuliko wote. Tangu tulipotoka makaburini hakuwahi kulitaja jina la Kulwa. Ilipobidi, alisema "yule". Anarudi kutoka kazini, ananawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka inakwaruzika, anambeba Doto, anaimba kidogo Kisukuma, anamrudisha. Chupa ya njano alikuwa anaiona. Anaipita kama anavyopita mtu anayemdai. Mimi nilimchukia kidogo kwa hilo, bora niseme kweli. Nilidhani amesahau mapema, kama wanaume wanavyosemwa.

Sasa nifike kwenye lililonitoa mafichoni.

Doto haongezeki. Ananyonya ile chupa ya bluu kwa jasho, mashavu yanaingia ndani, chuchu ni ngumu na midomo yake ni midogo. Anachoka kabla hajashiba, analala, nusu ya maziwa namwaga. Kliniki ya mwisho nesi alimpima, akampima tena. Kisha akaniambia kwa upole kwamba Jumatatu, yaani kesho, nimrudishe, na kama uzito bado haujasogea watamlaza.

Najua watamlaza wapi. Nakijua kile chumba. Najua kitanda kilicho karibu na dirisha, na pazia lenye doa.

Na chuchu laini ilikuwa hapa. Hili ndilo linaloniuma. Ilikuwa hapa ndani, safi, imechemshwa kila siku kwa mikono yangu mwenyewe, imekaa pembeni ya ile ngumu. Nilijua ni laini. Masanja aliibonyeza mbele yangu. Ningeweza hata kubadilisha chuchu tu, nikaacha chupa. Mara ngapi mkono wangu umefika pale ukarudi. Nilikuwa naona kabisa: namnyang'anya Kulwa kitu pekee alichonacho nampa Doto, Kulwa ananung'unika, Doto anaumwa. Au anamwita. Watu husema pacha humwita mwenzake. Mbele ya watu nilisema ni upuuzi, na jikoni peke yangu nilikuwa naweka chupa ya njano mahali pake kwa mikono miwili.

Basi niliendelea kumwangalia mtoto aliye hai akitoka jasho, kwa kumwogopa mtoto aliyekufa. Mtoto wangu mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka mpaka nikamnyima mtoto wangu kushiba.

Leo tulirudi kutoka kanisani, nikachemsha chupa zote mbili, nikazima, nikaziacha zimefunikwa. Nikajilaza na Doto kidogo, nikasema nafumba macho tu. Masanja alikuwa uani anatengeneza kiti.

Nilipoamka nilipapasa. Upande wa ukutani hapana mtu. Ile nafasi nyingine nayo tupu, kama siku zote. Sijui niwaeleze vipi. Kwa muda mfupi sana niliona imekwisha, kwamba amekuja kumchukua, na mimi nilikuwa nimelala.

Kisha nikasikia kunyonya.

Si kule kunyonya kwa Doto ninakokujua, kwa kusuasua na kupumzika. Kulikuwa kunyonya kwa mtoto mwenye njaa anayepata, kwa mfululizo, na kumeza kunasikika. Nikafuata sauti. Jikoni sufuria iko wazi, kifuniko pembeni, ndani imebaki chupa ya bluu peke yake. Nikatoka uani miguu mitupu.

Masanja amekaa kwenye kile kiti alichokuwa anatengeneza, jua limempiga mgongoni. Doto yumo mikononi mwake. Na chupa ni ya njano.

Nilikwenda kumnyang'anya. Naliandika kama lilivyokuwa: mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chupa. Nikamwambia amekosea, hiyo siyo, hiyo siyo ya huyu. Nikaona chini, karibu na mguu wake, vumbi limelowa, doa jeupe, na sisimizi wameshafika. Nikaanza kufoka kuhusu hilo pia, kwamba amemwaga maziwa, kwamba hajui kazi hii, angeniamsha. Nilifoka kuhusu maziwa kwa sababu kuhusu lile jingine sikuweza.

Hakusogeza chupa. Alingoja nikaishiwa. Kisha akasema, "Kaa chini, Mama Kulwa."

Nilikaa. Nilikaa pale pale kwenye vumbi.

"Sijakosea chupa," akasema. "Hayo ya chini ni yake. Nimempa kwanza, nikamwomba. Nimemwambia, Kulwa, wewe ndiye mkubwa, mwachie mdogo wako."

Kisha yeye ndiye aliyelia. Mume wangu, mwenye mikono inayotoa tairi la lori kwenye ringi, alilia huku ameishika chupa vizuri, imeinama ipasavyo, hewa isiingie. Hakuitikisa. Doto wala hakujali. Alinyonya akaimaliza, akaendelea kuvuta hewa, akakasirika kwamba imekwisha. Sijawahi kufurahia hasira ya mtu kama nilivyofurahia ile.

Aliniambia mengine baadaye, kidogo kidogo. Kwamba kila alfajiri akienda kazini hupitia kwanza makaburini, husimama tu. Kwamba kule ndiko alikokuwa anamwita kwa jina. Nyumbani alikuwa anaogopa nikilisikia nitavunjika. Na mimi nilikuwa nangoja mtu alitaje ndipo nijue kwamba sikumwota. Tumekaa nyumba moja, kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake mtoto yule yule.

Nilimuuliza kuhusu sheria ya mama yake. Akasema alimpigia mama yake simu asubuhi, kabla hatujaenda kanisani. Mama mkwe alianza kulia kwenye simu, akasema hakudhani tutaishika hivyo, alikuwa anazungumzia nguo na pipi. Hata yeye hajui ya mmoja akifa. Mapacha aliowazaa yeye walikua wote. Kwa hiyo hili la kumwomba mkubwa Masanja hakufundishwa na mtu. Alilitunga mwenyewe, pale kwenye kiti, akiwa na mtoto mwenye njaa mkononi.

Sijui mama yangu atasemaje nikimwambia kuhusu yale matone ya chini. Labda sitamwambia. Labda nitamwambia, naye atamwombea mkwewe. Mimi mwenyewe sijui nimwekeeje Mungu hili. Ninachojua ni kwamba saa kumi amekula tena, kwa chupa ile ile, akamaliza tena. Sitaki kujidanganya: milo miwili haijazi mizani. Kesho nesi atamweka pale, na mshale utasema utakavyosema. Ikibidi kulazwa tutalazwa. Nitaingia kile chumba kwa miguu yangu, na chupa ya njano itakuwa ndani ya mkoba.

Ila nilitaka kuandika hili kabla ya kesho, wakati bado sijui. Nimechoka kungoja mambo yawe mazuri ndipo niwaambie.

Mama Chanda amepita muda si mrefu, akarusha salamu yake ya Nampundu kupitia dirishani, na Masanja akiwa ndani akaitikia kabla yangu.

Jioni hii nimekusanya vyombo nioshe. Nimeishika ya njano, nikataka kuisuuza haraka kama siku zote, kwa kuwa siku zote haikuwa na kitu. Nikainusa. Ilikuwa inanuka maziwa. Chini kabisa, pale brashi inapopata shida kufika, palikuwa na utando mweupe, na kwenye chuchu alama ya fizi, ndogo, karibu haionekani. Ilikuwa chafu. Chupa ya Kulwa ilikuwa chafu, imetumika. Nimeisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ya bluu haikuwa na kazi leo. Nimeiosha pia.

Zimo ndani sasa, zote mbili. Maji yameanza kuchemka wakati naandika mstari huu. Zinagongana. Mwili bado unanisisimka kidogo nikizisikia, sidhani kama hilo litakwisha, na nimeacha kuomba liishe.

Lala, Kulwa. Mwenzako ameshiba.